Kabla ya Saa Tatu na Nusu

Kalenda ilifika kwa posta kutoka Rajkot, imeviringishwa kama mkeka,
na mimi ndiye niliyeitundika juu ya mizani ya misumari
dukani kwa Rambhaben, Mtaa wa Rindi.
Tarakimu zake nimezijifunza. Moja yao ina kichwa cha tisa yetu;
mwaka wa kwanza nilimvurugia mfungo.

Mwezi huu unaitwa Shravan.
Umechorwa mawingu meusi, tausi, bembea chini ya mti,
wasichana waliolowa wanacheka.
Nje ya mlango ni Moshi ya Agosti:
kipupwe, vumbi kavu kwenye mabati tunayouza,
ukungu umekaa Kibosho, kushuka hautaki.
Masika yetu yalikwisha mwaga maji yake, yakaenda.
"Mvua yenyewe iko wapi, Mama?"
Akagonga karatasi kwa ukucha. "Si hiyo?"

Kila alfajiri hutoka roshanini, shali mbili mabegani,
kulingoja jua.
Theluji ya Kibo haiamini. Theluji, asema, ni mbea,
hutangaza mgeni kabla hajapiga hodi.
Anangoja jua lenyewe, upande wa Himo,
na siku za mawingu anakisia, ananuna mpaka adhuhuri.
Akiliona huniita: "Eliaichi, andika!"
Naandika: kumi na mbili na dakika thelathini na tano.
Kisha mchana tunaukata mafungu manane,
la heri, la faida, la maradhi, la wasiwasi.
Sikuona ugeni. Hata saa zangu huanza kuhesabiwa jua likitoka.
Mama yangu kule Uru hakuwa na saa ya mkono,
wala ng'ombe wake hawakuwahi kulalamika.

Jumatatu, fungu la pili ni Kal.
Duka wazi, daftari limefungwa;
halianzwi jambo mpaka saa tatu na nusu.
Wateja wanajua, wanapitia kwanza kwa Mama Ndetaulwa kunywa chai.

Jumatatu ile akaja Kiwelu, seremala wa Njoro,
unga wa mbao kwenye nyusi.
Misumari ya nchi mbili, nusu kilo.
Na vishikio vinne vya shaba.
Vile vidogo, akasema,
na hakusema tena.
Nikatazama ukutani. Saa mbili na robo.
Nikafungua kinywa nimwambie asubiri.

Rambhaben alikuwa amekwisha inuka.
Akapima misumari mwenyewe, mizani ikazidi, asipunguze.
Akavifunga vishikio kwenye gazeti, kimoja kimoja,
kama mtu anayehamisha vikombe.
"Pesa, Mama?"
"Daftari limelala. Nenda."

Saa tatu na nusu nikafungua ukurasa,
nikauliza niandike kiasi gani.
Alikuwa anafuta mizani. Haikuwa na vumbi.

Siku hiyo ilikuwa ya kupika,
maana kesho yake jiko hupumzika.
Usiku huja Shitala, mungu wao wa ubaridi, mlinzi wa watoto,
kugaagaa kwenye majivu apoze mwili,
na ole wa nyumba atakayoungulia.
Jiko la gesi halina majivu,
ndiyo maana hajalitupa lile la mkaa, la enzi za Dhirajlal mumewe.
Mimi hulisugua, nikamwachia mgeni majivu kiganja kimoja.

"Mwaka huu viwili," akasema,
akazima taa ya jikoni kabla sijamwona uso.

Jumanne tukala vya jana:
chapati za majani ya uwatu, mtindi, viazi vilivyoganda mafuta,
baridi tupu ndani ya baridi ya Agosti,
meno yanagongana, ananicheka, namcheka.
Kiwelu hakuwa amerudi, wala hakuna aliyemtaja.
Ukutani, kwa kina tausi,
mvua iliendelea kunyesha.