Kodi

Mwenye nyumba wangu, Mzee Kasanda, ana kodi moja,
huidai tarehe tano, akikohoa kwanza mlangoni.
Mimi nina kodi saba za gitaa, najidai mwenyewe kila usiku,
na ile ya F
sijawahi kuimaliza.

Kidole cha shahada nakilaza juu ya nyuzi zote sita
kama mlevi aliyelala relini,
na bado uzi wa pili unajichomoa chini yake,
unavuma kama mzinga uliopigwa teke.
Watu wa Tabora wanaujua mvumo huo.
Wakiusikia hufunika uso.

Gitaa nalipatanisha kwa honi ya treni.
Msicheke. Mimi ni karani wa mizigo,
sikio langu limekulia stesheni:
ya Mpanda inalia chini, kama mtu aliyeamshwa,
ya Mwanza inalia juu, ina haraka zake,
na uzi wangu wa tano nimeuahidi kwa ya Kigoma.
Sasa ya Kigoma huchelewa.
Jumanne ilichelewa masaa tisa,
na masaa tisa hayo sikupatana na kitu chochote duniani.
Ilipolia, usiku wa manane, nikaruka kitandani,
nikakaza, nikakaza,
nikakaza tena kidogo tu,
pa!
Asubuhi nikasema nimekwaruzwa na paka.
"Paka gani," akauliza Mihambo wa mizani,
"mwenye ukucha mmoja?"

Na piki, kile kipande cha kuchokolea nyuzi?
Nakikata mwenyewe kwenye kifuniko cha ndoo ya asali,
nakisugua sakafuni mpaka kilainike,
na siku kikishavizoea vidole vyangu
kinatumbukia tumboni mwa gitaa.
Basi nalipindua juu ya kichwa, nalitikisa
kama askari anayempekua kibaka.
Inatoka shilingi hamsini.
Anatoka mende mkavu.
Inatoka piki ya mwezi wa tano, niliyomsingizia shemeji.
Ya leo haitoki.

Halafu kipaimara, kule Kitete, cha mtoto wa Kalunde.
Nikaazimwa gitaa la umeme, jekundu, zito kama mlango.
Nilikuwa nimejifunza kukaa; wakanisimamisha.
Nikafumba macho, nikauma mdomo wa chini
kama nilivyoona wakubwa wakifanya,
nikapiga wimbo mzima, mwanzo mpaka mwisho,
na sikujisikia nikikosea hata mara moja.
Makofi! Vigelegele!
Kalunde akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili:
"Leo, ndugu yangu, umetulia kweli."
Nilipoinama kufungasha
nikaukuta waya umejikunja chini ya kiti,
ncha yake safi, haijachomekwa popote.
Sijamwambia mtu.
Nanyi mkipita Kitete, pitieni mbali.

Ila kuna mahali, katika wimbo huohuo,
kati ya G na F, ambapo mimi husimama.
Pumzi moja na nusu, hivi,
vidole vikihama kama familia inayohama na kitanda chake,
huyu ameshika tendegu, yule amebaki nyuma na godoro.
Mwaka wa tatu huu ninasimama palepale.
Nimejitukana kwa Kiswahili na kwa Kinyamwezi.

Leo asubuhi, nyuma ya ukuta,
Nyanzala wa jirani, miaka saba, meno ya mbele hana,
alikuwa akisugua sufuria na kupiga mluzi.
Nikatega sikio. Ulikuwa wimbo wangu.
Mluzi ukapanda, ukazunguka, ukafika pale,
akasimama.
Sufuria nayo ikanyamaza.
Pumzi moja na nusu.
Kisha akaendelea, hana habari,
kama vile wimbo ulizaliwa hivyo.

Mzee Kasanda akakohoa mlangoni.
"Subiri kidogo," nikamwambia kwa kunong'ona,
"hajamaliza."