Kati ya Silinda ya Pili na ya Tatu

Nyangweso aliipaka bloku mafuta ya taa,
akaipangusa ikakauka, akaisugulia chaki.
Tukangoja.
Mstari ukajichora wenyewe, mweusi, mwembamba.

"Kuchomelea, elfu kumi na nane. Sikuapii.
Nyingine ipo Nakuru, imetoka Japani. Sitini."

Kibuye nzima inagonga mabati.
Nahesabu: karo, mbolea, sitini.
Usipoziba ufa… methali naijua,
ila haisemi ufa wa chuma cha kalibu
huzibwa na nani.

Ubavuni pana nambari,
ile ile ya kitabu cha gari
alichotia mama sahihi
mwaka aliouza ng'ombe watano.

Naisugua kwa kidole gumba.
"Chomelea."

Nyangweso hanitazami.
Anafuta chaki,
anaiacha nambari na grisi yake.