Mgongo kwa Mgongo

Mtaa wa Mkunguni, juu ya duka la vitenge,
ninashona vitabu vya watu.
Uzi wa kitani, nta, gundi ya unga wa ngano
ninayoipika alfajiri kabla nzi hawajaamka.

Bi Eufrasia Kokushubira alikuja Jumanne
na Maandiko nakala mbili kwenye kikapu cha sokoni:
yake, na ya marehemu.
"Zifunge ziwe kitu kimoja," akasema.
Nikahesabu. Ya mume imepungua vitabu saba.
"Haijapungua," akanikata. "Ndivyo walivyo wao.
Miaka thelathini na tisa nimelala
na mwanamume aliyeviita vitabu vyangu saba
wapangaji wasiolipa kodi."

Jumapili waliachana njiani pale Posta,
huyu kwa kengele yake, yule kwa kengele yake,
kengele mbili zinazosikilizana,
bandari ileile mbele yao.

Kisha sukari ikala macho ya Nathanaeli.
Ikaanza la kushoto, ikarudi kwa la kulia.
Usiku mmoja wodini, mkojo umeshagoma, akasema:
"Nisomee ya yule mbwa."
"Mbwa gani?"
"Anayemfuata kijana safarini, na malaika,
na hakuna anayemwuliza mbwa anakwenda wapi."

Akamsomea, mpaka pale nyongo ya samaki
inapopakwa kwenye macho ya baba
na utando unabanduka kama ganda la kitunguu.
Kesho yake Eufrasia akaenda Feri,
akanunua changu mzima, akamtoa nyongo,
akaifunga kwenye gazeti, akaipeleka hadi kitandani.
Hakuipaka.
Mume aliinusa tu, akacheka
mpaka muuguzi akaja kutazama.
"Ila sijui," Eufrasia aliniambia, "yule mbwa alimjulia wapi.
Kitabu kile hakikuwa chake."

Usiku nakata nyuzi za zamani, nawaza
waliokaa na kalamu na orodha:
hiki ndani, hiki nje,
hiki kisomwe nyumbani tu,
hiki kichomwe.
Iko barua fupi karibu na mwisho wa Maandiko,
haifiki kurasa mbili,
inamwita shahidi kutoka kitabu ambacho hakimo.
Ushahidi umepokelewa; mwenyewe amesimamishwa mlangoni.
Nilimsimulia Tesfamikael, Mhabeshi wa kahawa hapo chini.
Akanimiminia kikombe cha pili.
"Kwetu kimo," akasema,
kama mtu aliyeulizwa iwapo mama yake yuko nyumbani.

Wengine walivitia mtungini, wakavifukia
mahali pakavu, wakaenda zao.
Na mafundi wenzangu wa kale, walipokosa karatasi ngumu,
waligandisha barua za madeni na sala za watu
ndani ya majalada,
wasijue wanatunza nini.

Basi nikalibandua jalada la Nathanaeli.
Chini ya karatasi ya bitana, kurasa nne za daftari la shule,
mistari ya bluu, kalamu ya wino,
mwandiko wa mtu ambaye bado anaona.
Kijana. Malaika. Mbwa.
Amenakili safari yote, hadi nyongo,
na pembeni, kwa herufi za mkaguzi wa mahesabu:
*Si Maandiko.*
Chini yake, kwa wino mwingine, sijui mwaka gani:
*Lakini.*

Nikaketi nazo muda mrefu. Gundi ikaganda chunguni.

Nimezifunga mgongo kwa mgongo,
jalada moja katikati kwa zote mbili,
kama wanandoa waliogombana na kitanda ni kimoja.
Ukifungua huku, mume. Ukigeuza, mke.

Ijumaa alikuja na elfu ishirini mkononi.
Akakipima kitabu kwa viganja, akakinusa,
akapitisha kidole kwenye jalada la kati.
Kidole kikasimama.
"Mbona hapa pamevimba?"

"Hapo, Mama," nikamwambia, "sikupaka gundi."