Kijiko cha Kivumbasi

Usiku, huku Webuye, gunia husema.
Tega sikio: kr, kr, kr.
Fukusi hana haraka, ana msimu mzima.

Mwaka jana nilitia dawa ya unga, ile ya dukani kwa Wekhuyi.
Kuku watatu waliodonoa chini ya gunia
hawakuamka.
Tukaosha mahindi mara tatu, tukala kimya.

Mwaka huu nimechuma kivumbasi kando ya choo,
nikakichemsha kwa sufuria iliyozibwa kwa udongo;
mvuke ukapita ndani ya tyubu ya baiskeli,
ukalia chupani tone kwa tone.
Kutwa nzima, mafuta ya kujaza kijiko.

Nanjala akacheka: "Kijiko? Kwa magunia sita?"
Nikachanganya na jivu, nikageuza punje kwa mikono
hadi viganja vikanuka kama mgonjwa aliyefukizwa.

Kimya. Wiki ya kwanza, ya tano, ya tisa.
Ugali ulinukia kidogo; watoto wakazoea.

Leo usiku, kr.
Mmoja tu, kama abishaye akijua upo.
Harufu imeondoka bila kuaga.

Natafuta viatu, kisu. Tochi haina betri.
Si kitu. Kivumbasi kimeshachipua,
hata gizani nitakipata kwa pua.