Kijani cha Bucha

Mutheu alichora duara kwa kifuniko cha sufuria
nyuma ya kalenda ya mwaka jana,
akaligawa sita kama chapati ya wageni:
nyekundu, chungwa, manjano,
kijani, buluu, zambarau.
"Sasa vuka katikati," akaniambia.
"Habari za rangi usimwulize jirani yake.
Muulize wa ng'ambo."

Siku hiyo tulikuwa na kibarua Burma,
bucha ya Gathungu, ukuta futi kumi kwa sita,
na mwenyewe anataka nyama nyekundu
juu ya nyekundu, kwa herufi nyekundu,
watu waione toka steji.
Mutheu hakubishana. Alifungua kopo la kijani.
Gathungu akashika kichwa:
"Mama, mimi nauza nyama, siuzi sukuma!"

Asubuhi nzima nilipaka kijani,
kijani kizito, cha mgomba ulionyeshewa.
Ndipo Mutheu akaweka paja la mbuzi juu yake,
mapigo manne tu ya brashi,
na paja likaruka ukutani.
Mbwa mmoja akapita. Akarudi. Akakaa, akangoja.

Mimi nikaingiwa na tamaa.
Brashi ya kijani nikaitia kopo la nyekundu,
nikakoroga kwa pupa, nikidhani nitapata
rangi mpya yenye nguvu za zote mbili.
Nikapata tope. Tope la Gikomba, la Aprili.
Mutheu alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi.
Lakini hakulimwaga:
alilitia nyeupe kidogo, akapaka kivuli chini ya paja,
na paja, lililokuwa likielea,
likapata uzito wa kilo tatu na nusu.

Jioni, tukinawa kwa mafuta ya taa,
nikamuuliza habari za Makau.
"Chumba kimoja, miaka mitatu," akasema,
akikitazama kitambaa chake cha kufutia brashi.
"Siku hizi yeye Kangemi, mimi Makadara,
jiji zima katikati.
Jumapili akija, namwona vizuri."

Gathungu alitulipa, akakata mia mbili.
"Za sukuma," akasema, na hakutabasamu.

Usiku nikafumba macho, nimechoka na wekundu.
Paja lilikuwepo bado, likiwaka gizani,
la kijani,
juu ya ukuta mwekundu:
kila rangi imevuka,
imelala kwa mwenzake.