Saa ya Stesheni

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, nyuma ya duka la Bi Esha Mnali,
vyerehani vinasukumwa ukutani
na meza ya kukatia nguo inatandikwa kanga kuukuu
ili vioo visikwaruzike.
Tupo saba. Nachingwea haina zaidi ya saba
wenye wazimu huu, na wa saba ni Somoe,
yuko kidato cha pili, hana saa hata moja.

Likanga ana za mfukoni, kumi na nne,
kila moja ndani ya soksi ya mtoto.
Nnunduma, karani mstaafu wa ushirika, ana moja tu, ya mkononi;
ameileta mara arobaini
na kila mara ana jipya la kuisemea.
Mwalimu Chitanda hupenda za kuamshia,
zile za kuku aliyechorwa usoni
akidonoa, sekunde kwa sekunde, punje ile ile.

Saa ishirini na tisa mezani,
na hakuna mbili zinazoelewana.
Kanuni ya chama, ya kwanza na ya pekee iliyoandikwa:
*Asiulize mtu saa ngapi.*
Tunajua muda umekwisha mume wa Bi Esha akikohoa.

Mwezi wa kumi na mbili, malipo ya korosho yalipotoka,
nilileta yangu.
Ya ukutani, pana kama ungo,
uso wa bati jeupe, na chini ya mishale, maandishi:
STESHENI NACHINGWEA.
Muuza vyuma wa Masasi alitaja bei.
Sikuomba anipunguzie.

Baba alikuwa mshika bendera wa reli ile.
Iling'olewa nikiwa mgongoni mwa mama.
Nilichorithi ni msumari mmoja wa reli
ambao mke wangu huvunjia nazi.

Waliizunguka. Nnunduma alivua kofia.
Likanga akasema, "Hii ilimwona baba yako,"
nami nikatazama pamba zilizoanguka chini ya meza.

Somoe aliomba lenzi.
Akainama, ulimi pembeni ya mdomo
kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.
Alipoinuka alimtazama Bi Esha, si mimi.
"Herufi zimepakwa juu ya kutu," alisema.
"Kutu ilitangulia."

Kutu ilitangulia.
Saa ishirini na tisa, na yangu,
zikautafuna ukimya wetu, kila moja kwa meno yake.
Mwalimu akasema labda walipaka upya.
Likanga akasema labda.
Rangi ile niliijua. Ni bluu ya vibao vya vinyozi vya Masasi.
Niliijua pale pale sokoni,
pesa zikiwa bado mfukoni mwangu.

Hilo sikuwaambia.

Nnunduma akafungua daftari la chama. "Tuandikeje?"
"Andika saa ya stesheni," akasema Bi Esha,
kisha akaivunja kanuni yetu bila hata kugutuka:
"Somoe, mshale mfupi uko wapi?"
"Kwenye nne."
"Na hiyo ni saa ngapi?"
"Saa kumi."
"Basi. Nani amekuita mwongo?"

Somoe alifikiri. Msichana huyu hanunuliki kwa maneno.
"Pale wote tunajua tunaongeza sita," alisema.
"Hapa tuongeze ngapi?"

Mume wa Bi Esha akakohoa.

Nimeitundika sebuleni.
Inakimbia dakika tisa kwa siku, sijui inawahi treni gani.
Usiku mke wangu huiambia inyamaze,
na mimi huamka kuipa ufunguo kabla haijamtii.
Katika daftari, mstari wa thelathini,
kuna jina langu, na nukta mbili: