Picha Safi

Mgonjwa wa tatu asubuhi hii, Mbeleje Chidawali wa Ihumwa,
ananionyesha kwa kidole kimoja, chini ya ubavu wa kushoto:
"Wameniwekea bikoni. Nilikuwa nimelala."
Naandika: maumivu ya mbavu.
Fomu haina nafasi ya bikoni.

Vua shanga, mama. Simama hapa. Usipumue.

Bibi yangu angemwelewa upesi.
Kwao Bahi, mwaka wa Mtunya, walipochemsha ngozi za kulalia,
dada yake alikunywa maji ya dimbwi gizani
na chura akaanguliwa tumboni.
Usiku walimsikia akilia. Wakasema, ni chura.
Hakuna aliyesema ni njaa.
Njaa ilikuwa na masikio.

Kisha matrekta yakaja Kongwa kulima karanga,
yakinguruma juu ya ardhi isiyotaka,
na babu akaapa kwamba hayanywi mafuta:
kuna mumiani, kuna gari lisilo na taa,
kuna mpira mwembamba unaoingizwa shingoni
mwa aliyechelewa kutoka kilabuni.
Babu alifanya kazi kule misimu mitatu.
Alirudi amekonda, na blanketi moja.
Si uongo wote, basi.

Mama, yeye, aliogopa sindano.
Walihamishwa kwa lori, tembe ikabaki bila mlango,
wakapangwa mistari kijiji kipya,
na wiki ya pili akaja nesi na boksi la barafu.
"Wanafunga vizazi," walinong'onezana kisimani.
Mama alinificha ndani ya kihenge, juu ya mtama.
Mpaka leo, mimi mtumishi wa afya,
bega langu halina kovu.

Nabonyeza.
Mbavu za Mbeleje zinajitokeza, nyeupe,
kama fito za tembe kabla ya udongo.
Hakuna chuma. Hakuna saruji, wala namba.
Natafuta mara ya pili, kwa aibu kidogo.

"Picha yako ni safi," namwambia.
Anaiinua dirishani, anaitazama muda mrefu.
"Hata shamba langu lilikuwa safi," anasema,
"siku ile kidege chao kilipolipiga picha."

Nje, greda linarudi kinyumenyume, likilia.

Anauliza kama filamu ni yake.
Ni yako, mama.
Anataka niandike hivyo,
na nipige muhuri.